Kikombe cha Pili cha Yusuf



Ukumbi huu mwezi huu hautaanza kwa habari bali kwa barua. Imetoka kwa mama mmoja wa jamaa zetu ambaye ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumemstahi. Anaeleza kwamba mumewe, alipokuwa kijana huko Unguja, alikuwa mpiga udi katika klabu ya taarabu. Aliporudi Hijja aliuvika udi wake foronya, akaupandisha juu ya kabati, na tangu siku hiyo, miaka ishirini na kitu sasa, hakuugusa. Wamehama nao nyumba hadi nyumba na nchi hadi nchi. Hakuupiga, lakini pia hakuuza.

Mwezi uliopita mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliuteremsha, akaupangusa vumbi, akamwendea babake na kumwambia, "Baba, nifundishe." Baba alinyamaza. Ami yake mtoto, aliyekuwapo sebuleni, akasema kuwa siku atakayosikia uzi mmoja ukilia ndani ya nyumba ile ndiyo siku yake ya mwisho kukivuka kizingiti chake. Tangu hapo nyumba imegawika, na chakula cha Ijumaa kilichokuwa kikiwakusanya wote sasa huliwa nusu kwa nusu. Mama anauliza: je, mtu aliyeacha jambo kwa ajili ya Mungu anaweza kulirudia bila ya kuivunja toba yake?

Mimi si mufti, na mwenye kutaka fatwa ajue njia ya kwenda kwa masheikh. Lakini swali hili si geni. Yuko mtu aliyeulizwa swali hilohilo mbele ya dunia nzima, akalijibu kwa albamu moja aliyoitoa akiwa na umri wa miaka 58. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya skuli yake na kaswida zake kuliko nyimbo zake za zamani. Naomba nimsimulie, kisha turejee kwa mama yetu.

Yusuf Islam alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Babake alikuwa Mgiriki wa Cyprus na mamake alitoka Sweden, nao walikuwa na mkahawa katika mtaa wa Shaftesbury Avenue, katikati ya majumba ya michezo na starehe. Familia iliishi juu ya mkahawa. Kwa hiyo naye, wazee wangu, alikuwa mtoto wa wahamiaji, aliyekua akitumikia meza za wazazi wake na kusikia lugha zaidi ya moja nyumbani. Alipoingia katika biashara ya nyimbo alijipa jina la Cat Stevens, na mwaka 1967 akatoa albamu yake ya kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipatwa na kifua kikuu, akalazwa kwa muda mrefu. Kitandani alisoma na kutafakari, na alipotoka alikuwa mtunzi mwingine. Mwaka 1970 alitoa albamu mbili, Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman, na mwaka 1971 akatoa Teaser and the Firecat. Hizo ndizo zilizomfanya ajulikane dunia nzima. Zilikuwa nyimbo za gitaa lisilo na umeme, sauti ya kiume yenye ukwaruzo kidogo, na maswali ya mtu anayetafuta njia. Watu waliozisikia hawakucheza dansi tu, bali walikaa wakasikiliza.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970 alikuwa akiogelea Malibu, katika pwani ya California, mkondo ukamchukua. Nguvu zilipomwishia alimwomba Mungu amwokoe, akaahidi kwamba akinusurika atamtumikia. Wimbi likamrudisha ufukoni. Baadaye kaka yake, aliyekuwa ametembelea Jerusalem, alimletea tafsiri ya Kurani. Aliisoma, na Sura ya Yusuf ndiyo iliyomgusa zaidi, kisa cha kijana aliyeuzwa sokoni kama bidhaa. Mtu ambaye uso wake ulikuwa ukiuzwa juu ya kila jalada la santuri aliielewa sura ile kwa namna yake. Alisilimu mwezi wa Disemba 1977, na mwaka uliofuata akalichukua jina la Yusuf Islam.

Albamu yake ya mwisho chini ya jina la zamani, Back to Earth, ilitoka mwaka 1978. Kisha akanyamaza. Magitaa yake yalipigwa mnada na fedha zikaenda katika misaada. Mwaka 1979 alioa katika Msikiti wa Regent's Park. Mwaka 1983 alianzisha skuli ya Islamia huko kaskazini-magharibi ya London, na mwaka 1998, baada ya kudai kwa miaka mingi, skuli hiyo ikawa miongoni mwa skuli za mwanzo za Kiislamu nchini Uingereza kupewa fedha za serikali kama zinavyopewa za Kanisa. Kila mzazi wetu wa Uingereza ambaye mtoto wake leo amesoma Kurani na hesabu chini ya paa moja ana sababu ya kumwombea dua.

Hapa pana jambo la kutafakari. Nyimbo alizokwisha kuziacha hazikumwacha yeye. Redio ziliendelea kuzipiga, santuri ziliendelea kuuzwa, na haki za utunzi ziliendelea kumletea mapato ambayo sehemu yake aliitumia katika elimu na misaada. Wala hakuambiwa na kila mtu kwamba lazima aache. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa imamu wa Msikiti wa Regent's Park alimtia moyo aendelee kutunga, ilimradi nyimbo ziwe na maadili. Wengine walimwambia muziki ni haramu moja kwa moja. Akiwa mgeni katika dini, asiyetaka kukanyaga penye shaka, alichagua kuacha. Alikuwa pia amechoka na ulimwengu ule wa majukwaa na majivuno, na alihitaji kujifunza kusali kabla ya kitu kingine chochote.

Vipi basi akarudi? Hakurudi kwa siku moja. Kwanza vilikuja vita vya Bosnia. Waziri wa mambo ya nje wa Bosnia, Irfan Ljubijankić, alimpa kaseti ya wimbo aliokuwa ameutunga mwenyewe, na mwaka 1995 waziri huyo aliuawa helikopta yake ilipotunguliwa. Yusuf alibaki na kaseti ile mkononi. Aliona pia kwamba watu wale waliokuwa wakichinjwa kwa sababu ya majina yao ya Kiislamu walikuwa wakijipa moyo kwa nyimbo. Mwaka huohuo wa 1995 alitoa masimulizi ya maisha ya Mtume (s.a.w.), yakiwa pamoja na Tala'al Badru, bila ya ala za nyuzi. Wengi wetu tulikuwa na kaseti hiyo katika gari.

Kisha ikaja siku ambayo mama yetu mwandishi wa barua ataitambua mara moja. Mwanawe Yusuf alileta gitaa nyumbani. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, watu wengine wakiwa wamelala, baba alilichukua akaweka vidole vyake juu ya nyuzi, akakuta kwamba vidole havijasahau. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita.

Albamu iliyotokana na asubuhi ile ilitoka mwezi wa Novemba 2006, ikaitwa An Other Cup, yaani kikombe kingine. Kwa Kiingereza maneno hayo kwa kawaida huandikwa kama neno moja, naye ameyatenga kwa makusudi, ili yamaanishe pia kikombe cha namna nyingine. Wenye kukumbuka waliielewa ishara, kwani albamu yake mashuhuri ya 1970 ilikuwa na chai ndani ya jina lake. Ni kama kusema: nilikumiminieni kikombe miaka 36 iliyopita, na hiki ni cha pili, mkono ni uleule ila kilichomo si kilekile. Juu ya jalada hakuandika Cat Stevens, wala hakuandika Yusuf Islam. Aliandika Yusuf tu.

Ndani yake mna nyimbo kumi na moja. Ya kwanza inahusu mtu anayetembea mjini mchana na kukwepa giza lake. Nyingine, Heaven/Where True Love Goes, imechukua kipande cha utungo wake mrefu wa mwaka 1973 na kukipa makao mapya. Wimbo wa I Think I See the Light aliuimba mara ya kwanza mwaka 1970, kabla ya kusilimu, ukiwa wa mtu anayedhani ameona nuru. Ameurudia akiwa na miaka 58, na msikilizaji anayejua kisa hawezi kuusikia kama alivyousikia mwanzo. Mna maneno yaliyotokana na Jalaluddin Rumi, yanayosemwa badala ya kuimbwa. Na mna The Beloved, wimbo wa mapenzi ya Mtume (s.a.w.), ambamo Yusuf anaimba pamoja na Youssou N'Dour wa Senegal.

Wimbo mmoja tu haukuwa wake, nao ni Don't Let Me Be Misunderstood, uliojulikana kwa sauti ya Nina Simone mwaka 1964. Ni ombi la mtu anayesema msinielewe vibaya. Sababu yake ilikuwa wazi. Mwaka 1989, wakati wa mgogoro wa kitabu cha Salman Rushdie, maneno yake yalitangazwa kuwa ni kuunga mkono hukumu ya kifo. Yeye alikana kwamba alipata kuiunga mkono, lakini vituo kadhaa vya redio Marekani viliacha kupiga nyimbo zake. Na mwezi wa Septemba 2004 ndege aliyopanda London kwenda Washington iligeuzwa njia ikatua Bangor, katika jimbo la Maine, kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kuingia. Akarejeshwa Uingereza. Miezi miwili baadaye, huko Roma, alipewa tuzo ya mtu wa amani. Nani kati yetu, aliyepata kuwekwa kando uwanja wa ndege kwa sababu ya jina lake, asiyeuelewa wimbo ule?

Sasa tuje kwa wasikilizaji. Albamu hii iliingia katika baraza tatu, na kila baraza iliipokea kwa namna yake.

Baraza ya kwanza ni ya wapenzi wake wa zamani wa nchi za Magharibi. Walikuwa wamengoja miaka 28. Wengi walifurahi kwa jambo moja lililo wazi tangu wimbo wa kwanza: sauti ilikuwa nzima. Sauti za waimbaji wengi wa rika lake zilikuwa zimechakaa kwa moshi na pombe, lakini yake, iliyopumzishwa na kulindwa, ilikuwa na joto lilelile. Lakini wapo walionung'unika. Walisema ala zimekuwa nyingi na zimelainishwa mno, kwamba ule ukavu wa nyimbo za 1970, ambapo unasikia hata vidole vikiteleza juu ya uzi, umefunikwa. Wengine walisema mtu aliyefika hatungi kama mtu anayetafuta, kwani maswali yake yalikuwa matamu kuliko majibu yake. Lawama hiyo ya mwisho si ya kipuuzi, nami nitairudia.

Baraza ya pili ni ya wale waliomtazama kwa jicho la shaka kwa sababu ya dini yake. Hao walisikiliza wakitafuta kosa. Walitarajia mahubiri, wakakuta upole. Tarehe 11 Disemba 2006, katika tamasha la tuzo ya amani ya Nobel huko Oslo, mwaka aliotuzwa Muhammad Yunus wa Bangladesh pamoja na benki yake ya kuwakopesha maskini, Yusuf alipanda jukwaani na kuimba nyimbo mpya na wimbo wake wa zamani wa Peace Train. Waislamu wawili, mmoja amesimama kwa kazi yake na mwingine kwa sauti yake, katika ukumbi ambao kwa kawaida hutujadili bila ya sisi kuwapo.

Baraza ya tatu ni yetu wenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu. Walikuwapo waliofurahi, hasa vijana waliozaliwa ugenini, waliokuwa wakisikia kuwa ama uwe Mwislamu ama uwe na gitaa. Na walikuwapo waliohuzunika kwa dhati. Kwao, kisa cha Yusuf kilikuwa ushahidi waliokuwa wakiutoa kwa watoto wao kwa miaka 28: tazameni mtu aliyekuwa na dunia yote akaiacha kwa ajili ya Mungu. Aliposhika tena gitaa waliona kama wamenyang'anywa hoja. Naomba tusiwacheke watu hao. Huzuni yao ilitokana na mapenzi.

Yusuf aliwajibu kwa maandishi na kwa mahojiano, bila ya ukali. Alisema kwamba baada ya kusoma zaidi hakuikuta katika Kurani aya inayoharimisha muziki kwa uwazi, na kwamba wanazuoni wenyewe wamehitilafiana tangu kale. Alikumbusha kwamba gitaa lenyewe lina nasaba na Waislamu wa Andalusia. Na kweli, aliyewahi kusoma habari za Ziryab, aliyetoka Baghdad akafika Kordoba mwaka 822 na udi wake, hashangazwi na maneno hayo. Hata ala ambayo Wazungu waliiita lute ilichukua jina lake kutoka kwa Kiarabu, al-ud. Udi ulio juu ya kabati la mama yetu na gitaa la Yusuf ni watoto wa ukoo mmoja.

Kuhusu hitilafu ya wanazuoni, niseme machache tu. Wanaokataza wanatoa hoja kutoka Sura ya Luqman, aya ya 6, kama ilivyofasiriwa na baadhi ya masahaba, na hadithi iliyomo katika Bukhari inayotaja ala pamoja na ulevi na zinaa. Wanaoruhusu kwa masharti wanamtaja Ibn Hazm, na Imamu Ghazali aliyeandika mlango mzima juu ya usikilizaji katika Ihya, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Wote wanajua kisa cha siku ya Idi, wasichana wawili walipokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Basi huyu ami na huyu baba wa kijana wetu kila mmoja ana mwanachuoni nyuma yake. Lisilo na mwanachuoni nyuma yake ni kukatana undugu, kwani hilo halina hitilafu.

Sisi watu wa pwani tumewahi kuupita mtihani huu. Habib Swaleh wa Lamu, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, alilaumiwa na wakubwa wa mji kwa kuingiza matari katika maulidi na kuwakaribisha wanyonge. Leo maulidi ya Lamu ndiyo yanayovuta watu kutoka pwani nzima na visiwani, na sauti ya matari yale imewaingiza wengi katika darsa. Na Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alijifunza kuifanya sauti yake iwe nzuri kwa kusoma Kurani. Sisemi hayo ili kuhalalisha kila ngoma. Nasema ili tujue kwamba mstari kati ya ibada na sauti nzuri, kwetu, haukuwahi kuchorwa kwa rula.

Hata Youssou N'Dour, aliyeimba na Yusuf, aliyaonja hayo. Mwaka 2004 alitoa albamu ya kuwasifu masheikh wa Senegal, iliyoitwa Egypt. Nyumbani kwao wengine walikasirika kwamba mwimbaji wa dansi ameyagusa mambo matukufu. Baada ya kupata tuzo ya Grammy mwaka 2005, waliokasirika wakaanza kumpongeza. Ndivyo walivyo wasikilizaji. Msanii akiwangoja wote waridhike, atakufa na wimbo tumboni.

Sasa nairudia ile lawama, kwamba aliyefika hatungi kama anayetafuta. Nimeisikiliza An Other Cup mara nyingi, na nakiri kwamba si kila wimbo umesimama. Upo mmoja au miwili inayopita kama maji ya uvuguvugu. Lakini wanaosema hakuna tena utafutaji hawakusikiliza vizuri. Mtu aliyefika asingeomba asieleweke vibaya. Mtu aliyefika asingeurudia wimbo wa nuru baada ya miaka 36 kana kwamba anaupima tena uzito wake. Kilichobadilika ni kwamba zamani alitafuta mlango, na sasa anatafuta namna ya kuishi ndani ya nyumba na kuwafungulia wengine. Hilo ni tafuto la mtu mzima. Vijana huliona ni kimya, sisi wenye mvi tunalisikia.

Na aliendelea. Mwaka 2009 alitoa Roadsinger, yenye ala chache zaidi, kana kwamba aliwasikia walionung'unika. Mwaka 2014 alitoa Tell 'Em I'm Gone, na mwaka huohuo akazuru Marekani kwa maonyesho, kwa mara ya kwanza tangu 1976. Mwaka 2017, katika The Laughing Apple, aliyaweka majina yake mawili pamoja juu ya jalada, Yusuf na Cat Stevens, kama mtu aliyepatana na ujana wake. Mwaka 2020 aliimba upya albamu nzima ya chai ya 1970, na mwaka 2023, akikaribia miaka 75, akatoa King of a Land. Kila moja ilikuwa na wasifu wake na wakosoaji wake. Lakini mlango waliopitia zote ulifunguliwa na kile kikombe cha 2006.

Nataka nitaje siku moja tu, kisha nimalize. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mwenye silaha aliingia katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa, akawaua waumini 51. Wengi wao walikuwa wahamiaji kama sisi, watu waliokuwa wameacha kwao ili watoto wao wapate amani. Wiki mbili baadaye, tarehe 29, taifa lile lilikusanyika katika bustani ya Hagley kuwakumbuka. Mbele ya waliofiwa, na mbele ya maelfu ya wasiokuwa Waislamu, alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe na gitaa, akaimba Peace Train, wimbo alioutunga kabla ya kusilimu.

Nilipomwona nilijiuliza: kama gitaa lile lisingaliteremshwa, ni nani mwingine angaliweza kusimama pale? Masheikh wetu walisoma dua, na dua ndiyo asili. Lakini kwa umati ule usiojua Kiarabu wala dua, aliyekuwa na lugha ya kuwafikia alikuwa yeye. Wimbo alioutunga bila ya imani, Mwenyezi Mungu aliuhifadhi kwa karibu miaka 50, akautumia kuwafariji wenye imani. Wahenga wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami naongeza kwamba pengine koleo huwekwa kando ili mhunzi ajifunze kwanza anamfulia nani.

Mama yetu mpendwa, hilo ndilo jibu langu, nalo si fatwa. Yusuf hakuivunja toba yake, kwa sababu toba yake haikuwa juu ya mbao na nyuzi. Alitubu kwa kujifanya kitovu cha dunia, na hilo hakulirudia. Miaka 28 ya kimya haikupotea, kwani ndiyo iliyomfanya arudi akiwa mtu mwingine. Kadhalika miaka ishirini ya mumeo si bure. Ikiwa moyo wake unamwambia audumishe udi ndani ya foronya, basi ni haki yake, wala asishurutishwe na mtoto wala na makala ya gazeti. Lakini amwambie mwanawe kwa nini aliuacha, amwambie kwa kituo na kwa ukweli, hata kama maelezo yatachukua jioni nzima. Kijana wa miaka kumi na sita akinyimwa udi anaweza kuvumilia. Akinyimwa maelezo atakwenda kuyatafuta kwa watu wengine, na nyimbo atakazozikuta huko si za mapenzi ya Mtume.

Na ikiwa moyo wake unamwambia amfundishe, basi amfundishe baada ya sala, wala si wakati wa sala, na aanze na kaswida, na amkataze yale yaliyomfanya yeye mwenyewe aiache klabu.

Ama ndugu yetu ami, twamwomba kwa heshima zote ashike rai yake, kwani ina masheikh wake, na arudi kwenye chakula cha Ijumaa. Anaweza kusema mbele ya mwana wa nduguye, "Mimi siafiki," kisha akanyoosha mkono kwenye sahani. Mtoto atajifunza kutoka kwake jambo ambalo hakuna udi wala gitaa linaloweza kulifundisha, nalo ni kuhitilafiana bila ya kuhamana.

Mwezi ujao, insha'Allah, ukumbi huu utapokea barua zenu juu ya suala hili, za wanaoafiki na za wasioafiki, ilimradi ziwe za adabu. Mwenyezi Mungu azikusanye nyoyo zetu katika ugeni huu, na atujaalie mwisho wetu uwe mwema kuliko mwanzo wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.